Reki ya usukani ikibadilishwa nyumbani, gari lisiingie barabarani kabla ya kukaguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo limekuwa la kawaida Unguja na Pemba, nalo ni wenye magari kubadilisha wenyewe reki ya usukani majumbani mwao, wakisaidiwa na jamaa au kijana wa mtaani aliyezoea kushika spana. Wapo wanaotaka jambo hili likatazwe. Siafikiani nao, kwa sababu kazi yenyewe mtu makini anaiweza, na mkaazi wa Konde au Makangale halaumiki kwa kukataa kulikokota gari bovu hadi Chake Chake. Ninachokipinga ni desturi ya kulihesabu gari kuwa limepona pale tu reki inapokaa mahali pake na magurudumu yakaanza kufuata usukani.

Reki ni chuma kirefu chenye meno, kinachosukumwa kushoto na kulia na gia ndogo iitwayo pinioni, ambayo imeungwa na nguzo ya usukani. Baina ya mikono ya dereva na magurudumu ya mbele hakuna njia nyengine. Breki ya mguu ikifa, ipo ya mkono. Usukani ukiachia, dereva hana cha kushika.

Hatari huanzia dukani. Reki nyingi tunazonunua ni za mtumba, na zile zitokazo Japani hutufaa kwa kuwa wenzetu huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Vipuri vinavyopitia Dubai vinahitaji jicho zaidi, kwani huenda vimetolewa kwenye gari lenye usukani wa kushoto, ambalo pinioni yake iko upande usio wetu, na reki ya namna hiyo haifungiki hata ikilazimishwa. Mnunuzi aifunue mipira ya kuzuia vumbi ya pande zote mbili kabla ya kutoa fedha: akikuta mafuta yaliyovuja ndani, sili, yaani mipira inayozuia mafuta yasitoke, zimekwisha, akikuta kutu, maji yameshaingia. Kisha aizungushe pinioni mwanzo hadi mwisho na kusikiliza kama kuna mahali inapokwama. Muuzaji asiyeruhusu haya mawili, aachwe na mali yake.

Kuhusu kuliinua gari nitasema machache, ingawa ndiko kunakoua. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Likishainuliwa, gari likalishwe juu ya stendi za chuma. Nyua zetu nyingi ni za mchanga, kwa hiyo kila stendi iwekewe ubao mpana na mnene chini yake, na matofali ya saruji yasitumiwe kabisa, kwa sababu hupasuka ghafla bila ya kutoa ishara.

Linalosahauliwa zaidi ni usukani wenyewe. Katika magari yenye mfuko wa hewa unaofura kumkinga dereva wakati wa ajali, nyuma ya usukani kuna waya mwembamba uliokunjwa mzunguko juu ya mzunguko, unaopeleka umeme kwenye mfuko huo na kwenye honi. Waya huu umepimiwa mizunguko michache tu kila upande. Reki ikishafunguliwa hakuna tena kinachouzuia usukani, na mtoto akiingia ndani ya gari akauchezea, waya hukatika. Betri itolewe na kuachwa dakika kadhaa kabla ya kazi, magurudumu yawe yametazama mbele, na usukani ufungwe kwa mkanda wa kiti usiweze kugeuka. Reki inayoingia nayo iwekwe katikati: izungushwe kutoka mwisho mmoja hadi wa pili huku mizunguko ikihesabiwa, kisha irejeshwe nusu yake.

Sasa nije kwenye bolti moja ambayo naiogopa kuliko zote, ile inayobana jointi ya nguzo ya usukani juu ya pinioni. Katika magari mengi bolti hii hupita kwenye mfereji uliochongwa kwenye pinioni, na pinioni isipozama sawasawa, jointi inaweza kubana ncha tu. Gari litageuka vizuri pale uani, litakwenda sokoni na kurudi, kisha siku moja jointi itachomoka. Kwa hiyo bolti hii ikazwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo, halafu ikaguliwe na mtu asiyekuwa yule aliyeifunga. Tairodi ni vyuma vinavyounganisha reki na magurudumu, na pini zake za kukunja zilizokwishatumika zisirejeshwe. Mpya ni rahisi mno kulinganisha na roho ya mtu.

Magari madogo mengi ya miaka ya karibuni yana pawa ya umeme, yaani msaada wa kuurahisisha usukani, na mota yake aghalabu imo kwenye nguzo ya usukani, hivyo reki haina mafuta ya pawa. Kwa yale yenye pawa ya mafuta, yatiwe mafuta yaliyotajwa na mtengenezaji, na kamwe yasitiwe mafuta ya breki, ambayo huharibu sili.

Baada ya yote hayo, alaimenti, yaani kuyanyoosha magurudumu kwa mashine, haiepukiki. Kuhesabu mizunguko ya tairodi wakati wa kufungua na kuirejesha kwa idadi ile ile husaidia gari kufika kwenye mashine polepole, lakini hakuchukui nafasi ya mashine, kwa kuwa urefu wa reki ya mtumba na ncha zake si lazima ulingane na wa ile iliyotoka. Hitilafu ya milimita chache hulifanya gari livute upande na hula tairi za mbele.

Ninayo maombi mawili. Kwanza, mafundi wenye mashine za alaimenti, gari likiwa juu tayari, waikague bolti ya jointi na pini za tairodi kabla ya kugusa kipimo chochote, bila ya kumkaripia mwenye gari kwa kujifungia mwenyewe. Pili, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ifikirie kuweka masomo mafupi ya siku za mapumziko kwa wenye magari, katika vituo vyake vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, yahusuyo usukani na breki peke yake. Mafundi wastaafu tupo, na wengine wetu tutakuja kusomesha bila ya kudai malipo.

Wako,
Fundi magari mstaafu,
Wete, Pemba