Mameneja, wapandisheni vijana wa fildi kwenye gari la mauzo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na mameneja masoko wenzangu, hasa wale ambao ofisi zao kila ifikapo Julai hupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wenyewe wanavyoiita.

Kazi ya masoko nimeifanya miaka 29. Nilianza 1993 na stashahada yangu ya Chuo cha Elimu ya Biashara, afisa mauzo mdogo wa kiwanda cha sabuni, nikastaafu nikiwa mkuu wa idara. Tangu nistaafu, kila Jumamosi saa nne asubuhi nakaa na vijana kibarazani kwangu Chang'ombe. Huja wanne, watano, siku nyingine tisa. Nasoma wasifu wao, tunajaribisha maswali ya usaili, tunazungumza mpaka adhuhuri. Sitozi hata senti. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaotoza: binti mmoja alilipa laki moja na nusu kwa mtu aliyejiita mlezi wa kitaaluma, akaambulia karatasi ya mfano wa wasifu ambayo ingemgharimu shilingi mia mbili kuchapa.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa Mbagala. Ana shahada ya masoko, amemaliza miaka mitatu iliyopita, na maombi aliyokwisha kupeleka hayahesabiki. Wasifu wake ulikuwa kurasa tatu. Mbunifu, anajituma, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Maneno hayohayo nilikuwa nimeyasoma Jumamosi iliyotangulia kwa mwenzake, hadi nukta. Nikamuuliza, "Mwanangu, miaka mitatu yote hii unakula nini?" Akainamisha kichwa. "Mama, mimi ni winga tu Kariakoo."

Kwa wasomaji wa mikoani: winga hana duka. Anasimama mtaani, anampokea mteja, na anajua mzigo unaotafutwa uko duka gani, ghorofa ya ngapi, na bei ya mwisho ya mwenye mali. Anachoongeza juu ya bei hiyo ndiyo riziki yake. Kijana huyu ana wateja Lubumbashi, Lusaka na Moroni. Wanamtumia picha ya kiatu au kitambaa kwa WhatsApp, anazunguka kutafuta, anakagua, anafungasha, anaupeleka mzigo kwa wasafirishaji. Anajua mteja wake wa Moroni huagiza kwa wingi msimu wa harusi unapokaribia, na yule wa Lubumbashi hataki mzigo usioonekana lebo. Nilimuuliza kwa nini wateja hawa hawamkimbii wakaenda kwa winga mwingine. Akajibu bila kufikiri: "Nikikosea rangi, narudisha hela siku hiyohiyo."

Nimesaili watu wengi katika maisha yangu, Mhariri, na majibu ya namna hiyo nimeyasikia mara chache sana. Lakini kwenye kurasa zile tatu hapakuwa na mstari hata mmoja kuhusu Kariakoo. Alikuwa anaona aibu. Chuoni alifundishwa kuligawa soko, kuchagua mteja na kupanga bei, na kila siku anafanya mambo hayo barabarani, ila hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa ni kitu kilekile. Tukakaa saa mbili tukaandika upya, ukurasa mmoja. Akatoa daftari lake mfukoni, akahesabu: wateja wa kudumu 41. Idadi hiyo tukaiweka juu kabisa. Kazi hajapata bado, lakini ameitwa kwenye usaili mara mbili.

Mimi nilipokuwa na umri wake sikuwa mwerevu kumzidi. Nilipata mtu. Kiwandani walinipandisha kwenye gari la mauzo la njia ya Tanga, tukiteremka Muheza, Korogwe, Mombo, halafu tunapanda Lushoto. Muuzaji wa gari lile alikuwa mzee wa darasa la nne. Siku ya kwanza nikaingia dukani nikaanza kuisifu sabuni yetu. Akanivuta mkono. Nje akaniambia: "Binti, ukiingia dukani, kabla hujafungua mdomo, hesabu rafu. Tazama kipi kina vumbi na kipi kinakatwa."

Nikatazama. Pale Mombo mwenye duka alikuwa anakata mche wa sabuni kwa kisu, kipande kimoja kimoja, kwa sababu mama anayefua nguo za leo ana pesa ya leo. Makao makuu wakati huo tulikuwa tunapanga promosheni ya katoni. Mwaka uliofuata televisheni ikaingia Tanzania Bara, ofisi nzima ikataka matangazo ya televisheni. Mzee akaniuliza swali moja tu: "Hapa Mombo umeziona ngapi?"

Mali kauli nayo alinifundisha yeye. Nani umwachie mzigo alipe ukiuzika, nani usimwachie. Vitabuni sikulikuta somo hilo. Alisema nikae kando nitazame mwenye duka anavyomlipa muuza mkaa. "Anayemzungusha muuza mkaa, na wewe atakuzungusha." Miaka ishirini baadaye, nikiwa naidhinisha mikopo ya mamilioni kwa mawakala wa jumla, nilikuwa bado nauliza wafanyakazi wangu wadogo: huyu wakala anawalipaje makuli wake?

Sasa nasikia vijana wanavyosimulia fildi zao. Wiki nane za fotokopi, chai, na kubandika picha kwenye ukurasa wa kampuni. Binti mmoja wa Tandika alikaa mapokezi wiki zote nane. Meneja alimuuliza jina lake siku ya kusaini kitabu cha fildi, kwa kuwa ilibidi aliandike. Simlaumu meneja huyo peke yake. Nami kwa miaka mingi nilisaini vitabu vya wanafunzi ambao sikuwahi kukaa nao hata dakika kumi, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu gari lilikuwa linaondoka kila Jumatatu na kiti kilikuwepo.

Ninachowaomba ni wiki moja kati ya hizo nane. Mpandisheni mwanafunzi kwenye gari la mauzo. Mpeni daftari na maduka kumi, aandike rafu ina nini, nini kinakatwa au kupimwa, na mwenye duka analalamikia nini. Akirudi, meneja mwenyewe asome alichoandika, amuulize maswali nusu saa. Mtasema kuna bima, kuna siri za bei. Bima ya wiki moja haishindikani kwa kampuni inayokodi ukumbi wa hoteli kuzindua dawa ya meno. Na bei zenu za jumla, kila Mangi mwenye duka la mtaani anazijua.

Binti yule wa Tandika amebakiza mwaka mmoja chuoni, na fildi yake ya mwisho ni Julai hii. Ameniahidi kwamba saa kumi na moja alfajiri anaweza kuwa popote Temeke. Meneja mwenye gari linaloondoka Jumatatu na kiti kimoja kitupu aulize ofisini kwako, Mhariri. Anwani na namba yangu ya simu nimekuachia.

Meneja masoko mstaafu,
Chang'ombe, Dar es Salaam.
(Jina limehifadhiwa)