Maisha ya kabatini

Swahiba wangu,

Salamu tele. Mimi sijambo, sina neno, ila barua yako imenichekesha kisha ikanichokoza. Miaka yote umekuwa ukinionea huruma kwamba naishi kabatini: sina ua, sina mti, sina hata pa kuegemeza baiskeli. Sasa kazi imekuhamisha, umepata fleti ghorofa ya sita, na unaandika kama mtu aliyesomewa hukumu. "Jioni nitakuwa nafanya nini humo ndani?" Basi nimetoa kiti roshani, mashuka yananing'inia juu ya kichwa changu, nami nakujibu.

Ua hutakuwa nao, hilo tulimalize mapema. Hutakuwa pia na lango la kukagua usiku, wala ule mlango wa nyuma ambao mtu hujiuliza, ameshajifunika shuka, kama aliufunga au hakuufunga. Humu mlango ni mmoja. Ukizungusha ufunguo, nyumba nzima imefungwa. Na usafi nao una mwisho! Nateleka birika, nashika ufagio kuanzia dirisha la chumbani. Maji yakianza kuunguruma nimeshafika mlangoni na taka zangu. Udogo wa nyumba husemwa vibaya sana na watu wasioufagia.

Lakini raha kubwa kuliko zote humu huingia kwa masikio, na najua hilo ndilo unaloliogopa zaidi. Juu yangu anaishi mtu ambaye tukipishana kwenye ngazi tunaitikiana salamu tu. Sijui anafanya kazi gani. Ila miguu yake naijua. Huamka kabla ya alfajiri. Visigino vinashuka pu, pu, hatua fupifupi za mtu ambaye macho bado hayajafunguka, hadi bafuni. Kimya. Maji yanateremka kwenye bomba lililo nyuma ya ukuta wangu. Kisha hatua za kurudi, ndefu, za mtu aliyekwisha kuamua. Akivaa viatu, najua mlango u karibu kufungwa. Kuna wakati aliugua. Hatua zikawa za kuburuta, na mchana wote akawa yupo. Nikajikuta namsikilizia. Asubuhi visigino viliporudi na pu, pu zao, nililala tena usingizi wa raha ambao sikuwa nimeupata wiki nzima.

Upande wa kulia kuna mtoto anayejifunza kusoma. Dirisha la jiko lao na la jiko langu yanatazamana kwenye uwazi uleule wa kupitisha hewa katikati ya jengo, kwa hiyo vitunguu vyao nikivinusa, na masomo yao nayasikia. Jioni baada ya jioni ilikuwa hadithi ileile, na alikwama kwenye neno lilelile refu. Alikuwa akilikata vipande, linamshinda, anarudi mwanzo wa sentensi ili achukue mbio. Nami huku, mwiko mkononi, naacha kukoroga. Jioni aliyolipita moja kwa moja, bila hata kupunguza mwendo, nilishangilia peke yangu jikoni. Hadi leo hajui kwamba alikuwa na mshabiki.

Unanielewa? Kwenye nyumba yako ya chini, mtu ama ni mgeni wako ama hayupo. Akiwapo umkaribishe, umpe kiti, uache ulichokuwa ukifanya, uzungumze. Huku ghorofani ipo hali ya tatu: watu wapo, wanaishi kimo cha mkono kutoka kitandani kwako, na hawakudai chochote. Kuna siku narudi kazini nimechoka kuongea lakini sijachoka kuwa na watu. Siku hizo ndizo ninazolishukuru jengo hili. Sema utakavyosema, mtu anayeishi peke yake ndani ya uzio mrefu ana upweke mkubwa kuliko wangu.

Nikupe na siri ya sauti zenyewe, kabla hujahamia na kuanza kugombana na watu. Maneno husafiri kwa hewa. Ukuta mzito wa zege huyazuia, na yanayokufikia mara nyingi yamepita dirishani au chini ya mlango. Kisigino ni jambo jingine. Kikigonga sakafu, sakafu yenyewe inatetemeka, na sakafu yake yeye ndiyo dari yako. Ndiyo maana husikii maongezi ya mtu wa juu, lakini kijiko kikimponyoka unakisikia kama kimeanguka kwako. Na ndiyo maana dawa haipatikani upande wako. Ubandike utakachobandika darini, mtikisiko umeshaingia kwenye zege na unashuka hata kwa kupitia kuta. Lazima uzuiwe pale unapoanzia, kwa kitu laini: zulia.

Sasa igeuze, maana nawe utakuwa juu ya mtu. Nunua zulia kabla ya pazia. Liwe nene, na lifike pale unapotembea zaidi, siyo katikati ya sebule tu kwa ajili ya wageni. Miguu ya viti ivishe vipande vya kitambaa kizito. Hutashukuriwa, kwa kuwa hakuna anayeshukuru kelele ambayo hakuisikia, lakini utakuwa umefanya hisani.

Nguo. Huku juu upepo una kasi kuliko chini, kwa sababu hakuna miti na kuta za kuukwamisha, kwa hiyo shuka hukauka kabla hujamaliza kufua la pili. Ila upepo huohuo ni mwizi. Tafuta vibanio vyenye springi imara, vile vya plastiki nyembamba vinakatika vikila jua. Foronya yangu moja iliwahi kuruka ikatua kwenye roshani ya mama wa ghorofa ya tatu. Nilishuka nikabisha hodi, maneno ya kuomba radhi nimeshayapanga mdomoni. Akafungua mlango akiwa nayo mkononi, imekunjwa. "Karibu, nilijua utakuja," akasema. "Iliyopita ilikuwa soksi ya ghorofa ya tano." Tangu siku hiyo kitu changu kikianguka nakikuta kimetundikwa kwenye kitasa, na mimi nikikutana naye ana mizigo nabeba mmoja hadi mlangoni kwake. Zaidi ya hapo hatujuani, na sioni kama kuna kilichopungua.

Uliza pia dirisha lako linatazama wapi. Hilo lina maana kuliko ukubwa wa sebule. La chumba changu latazama mashariki: nuru naipata mapema, na ifikapo jioni chumba kimeshapoa. Wa magharibi hupata machweo mazuri, lakini hupata pia ukuta uliochomwa na jua alasiri yote. Zege hupokea joto taratibu na kulirudisha taratibu, likimkuta mtu ndiyo kwanza ajinyooshe kitandani. Wa ghorofa ya mwisho, chini ya paa, hupata la ukutani na la darini kwa pamoja. Wewe hesabu, kama juu yako kuna ghorofa nyingine, umenusurika.

Na kwa kuwa dirisha halihami, utaanza kuona kitu ambacho ukiwa uani hukukitilia maanani: jua ndilo linalohama. Mwishoni mwa Desemba huchomoza upande wa kulia kabisa wa dirisha langu, nyuma ya jengo lenye mnara wa simu. Kuanzia hapo kila asubuhi linasogea kidogo kushoto, ndiyo kaskazini hiyo. Machi linatokea mashariki hasa. Kufikia tarehe 21 Juni au karibu na hapo limeshafika kushoto mwisho, penye matangi ya maji ya jengo la jirani, ambapo huonekana kama limetia nanga siku kadhaa, kisha linaanza kurudi. Sihitaji kalenda ukutani. Natazama matangi.

Mvua nayo utaiona ikija, siyo kuisikia ikiwa imeshafika. Kwanza majengo ya mbali yanafifia, halafu ya katikati, halafu upepo unageuka ghafla na kunukia vumbi bichi; hapo una muda wa kutosha kutoa nguo kambani bila kukimbia. Nimependa mvua zaidi tangu nilipoanza kuipa miadi.

Njiwa watakusumbua, jiandae. Asili yao ni ndege wa majabali, mababu zao walitaga kwenye mianya ya miamba, kwa hiyo wanapotua ukingoni mwa dirisha lako hawaoni nyumba ya mtu, wanaona jabali lao. Usiwape makombo hata mara moja.

Umeandika kwamba kurundikana ghorofani ni mambo ya juzi. Hapo nakukatalia. Roma ya kale ilijaa nyumba za kupanga za ghorofa, na zilikuwa zikirefushwa hadi zinaporomoka, mpaka Kaisari Augusto akaziwekea kikomo cha futi 70, karibu mita 20. Shibam, huko Yemen, watu wamekaa kwenye maghorofa ya matofali ya udongo tangu karne ya 16. Kilichobadilika ni nani akae juu. Kule Roma wenye mali walikaa chini, na maskini ndio waliopanda ngazi. Moto ukizuka, wao wa mwisho kutoka. Aliyeupindua mpango huo ni lifti. Mwaka 1854, mjini New York, Elisha Otis alisimama kwenye jukwaa lililoinuliwa juu mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe, na breki aliyoibuni ikalidaka jukwaa. Watu walipokwisha kuiamini lifti, ghorofa za juu zikageuka kuwa za heshima. Kwa hiyo wewe wa sita ni mkubwa wangu mimi wa nne. Siku lifti itakapoharibika, na itaharibika, utarudi kuwa Mrumi maskini, na nitakuombea magoti.

Maji usiyaulize kwa juujuu. Tangi likiwa juu ya paa na hakuna pampu ya kuyasukuma, kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo wa karibu bar 1. Ndiyo maana wa chini bomba huwarukia usoni, na wa juu husoma gazeti wakisubiri ndoo ijae. Ukienda kukabidhiwa funguo, fungulia bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja utazame. Usimwamini dalali.

Maudhi mengine yapo, sitakupaka mafuta. Kuna mtu huku anatoboa ukuta kwa drili kila siku ya mapumziko; nahisi kilichobaki kwake ni matundu tu. Kuna mfuko wa taka huachwa kwenye ngazi na hakuna anayekiri ni wake. Utazoea, au utakuwa yule mpangaji anayebandika matangazo yenye herufi kubwa. Tuna mmoja, tunamheshimu.

Turudi kwenye swali lako la jioni. Mimi huzima taa ya sebule nikakaa papa hapa roshani. Jengo la ng'ambo linaanza kuwaka dirisha moja moja, bila mpangilio: la tatu, la saba, halafu mengi kwa mpigo watu wakitoka kazini. Yupo mzee mmoja wa ng'ambo ambaye humwagilia vyungu vyake giza likiingia, chungu kimoja kimoja, na kimoja cha kona hukizungusha nusu mzunguko kila mara. Nilishangaa kwa muda mrefu, hadi nilipojaribu kwangu. Mmea hulala upande wenye mwanga. Usipougeuza, shina linapinda na majani yote yanakupa kisogo. Sasa nami nazungusha vyangu. Hatujawahi kupungiana mkono. Siku moja huenda nikampungia, au nisimpungie.

Basi nijibu haya: roshani yako ina upana gani, na jua la asubuhi linaifikia? Nina mrehani uliozidi chungu. Hauna taabu, ukikata tawi ukalitia kwenye glasi ya maji linaota mizizi, kwa hiyo nikija kukutazama nitakuja na matawi mawili matatu yameshaanza. Na lile kochi lenu refu usilipakie kwenye gari kabla hujapima lifti na kona za ngazi, zote, siyo ya kwanza tu. Lisipopita, mwachie dada yako, amelitamani siku nyingi.

Wasalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Naishia hapa, wingu linakuja na mashuka bado yako kambani.

Wako daima,
wa ghorofa ya nne