Wema wa bwana mmoja haukuufuta ubaguzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni, ambayo mwandishi wake alidai kwamba utengano wa rangi ni habari ya Marekani ya kusini na Afrika Kusini, na kwamba hapa Tanganyika Mwafrika na Mzungu waliishi kwa kuheshimiana. Ushahidi wake ni wema wa Wazungu aliosimuliwa na wazee: daktari aliyetibu bila malipo, mmisionari aliyelipia watoto ada, bwana shamba aliyejifunza Kinyamwezi. Sibishi kwamba watu hao walikuwapo. Ninachobishia ni kuufanya wema wao kuwa kipimo cha hali yote.

Tuanzie huko huko Marekani. Mwaka 1890 jimbo la Louisiana lilitunga sheria ya kuwatenga Weusi na Weupe katika mabehewa ya treni, na mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la Homer Plessy, aliyekamatwa kwa kuketi katika behewa la Weupe, iliibariki sheria hiyo kwa majaji saba dhidi ya mmoja. Wengi hawakitaji kifungu kimoja kidogo kilichokuwamo ndani yake, kilichosema kwamba sheria hiyo haimhusu yaya anayemhudumia mtoto wa rangi nyingine. Kwa hiyo mwanamke Mweusi aliweza kusafiri katika behewa la Weupe akiwa amempakata mtoto wa Kizungu, lakini siku aliposafiri peke yake, kwa nauli yake mwenyewe, akiketi pale pale alistahili faini ya dola 25 au kifungo kisichozidi siku 20. Yamkini mtoto yule alimpenda yaya wake kuliko alivyompenda mama yake mzazi, na yamkini mama mwenyewe alimwamini yaya huyo kwa kila kitu kilichokuwa nyumbani. Hayo yote hayakumpa kiti, kwa sababu kilichotazamwa na sheria ni kama yuko kazini.

Hapa kwetu hali haikuwa kali kiasi hicho, na ni haki kusema hivyo. Hatukuwa na makundi ya kuwanyonga watu mitini mbele ya umati, walowezi walikuwa wachache, na nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ambao wajumbe wake walikuja kukagua. Lakini shule zilikuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha, na jina la Uzunguni bado linatamkwa katika miji yetu mingi. Katika utumishi wa serikali za Afrika Mashariki ilikuwapo kanuni kwamba asiye Mzungu, hata akiwa na sifa zilezile, alipwe sehemu tatu za tano za mshahara wa Mzungu. Tume ya mwaka 1948 iliitetea kanuni hiyo, na haikuondolewa mpaka baada ya tume nyingine ya mwaka 1954. Ni sadfa ya ajabu kwamba Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 nayo ilitumia hesabu hiyo hiyo ya tatu kwa tano, kwa watumwa, katika kugawa viti vya Bunge.

Marehemu baba yangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali hapa Tabora miaka ya 1950. Bwana wake, Mwingereza, alikuwa mtu mwema kweli. Alimkopesha fedha za kununua baiskeli ya Raleigh, na dada yangu alipozaliwa alifika hadi nyumbani kwetu Ng'ambo na blanketi la mtoto, akaketi kwenye kigoda, akanywa chai. Baba alimsifu hadi anaingia kaburini. Mama, ambaye hakuwa mwepesi wa kusahau, alikuwa akituambia kwamba baba alipotumwa kupeleka barua nyumbani kwa bwana huyo alipitia mlango wa jikoni, na hakuna siku aliyokaribishwa kuketi. Sidhani kama bwana yule alikuwa mnafiki. Nadhani alijua kwamba angemkaribisha karani wake sebuleni, wenzake wangemtenga.

Kilichoanza kuugeuza uhusiano huo kilifanyika katika mji huu huu. Tangu mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa limetenga viti 10 kwa kila rangi, yaani Waafrika zaidi ya milioni 8 walikuwa sawa na Wazungu wapatao 20,000. Ulipotangazwa uchaguzi wa kura tatu, mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Wajumbe wengi wa TANU, chama kilichodai uhuru, waliokutana hapa Tabora Januari 1958 waliona kwamba kushiriki ni kujitukana, na Mwalimu Nyerere alifanya kazi kubwa kuwashawishi wakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuunda chama chake. Lakini sharti lile lililokusudiwa kuwalinda wachache liliwaleta wagombea wa Kizungu mbele ya mpiga kura Mwafrika na ombi ambalo aliweza kulikataa. Derek Bryceson na Lady Chesham waliingia barazani kwa kuungwa mkono na TANU, wala hakuna aliyehitaji kuwapima kwa blanketi walizogawa.

Wanafunzi wetu hukaririshwa mwaka wa mkutano huo bila kuambiwa kura tatu zilikuwa nini. Nawaomba walimu wa historia wa mkoa huu wawaeleze masharti ya kura ile, pamoja na hesabu ya viti na ya mishahara. Baadhi ya niliozungumza nao wanasema vipindi havitoshi. Kwa uzoefu wangu, kipindi kimoja kinatosha.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora.