Walinzi tuache kuvuta triga kwenye shotgani tupu

Mhariri salaam, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linaniuma. Pita Kirumba, Igogo mpaka kule Nyakato viwandani jioni walinzi wakipokezana zamu, utasikia ka! ka! mtu anakabidhi shotgani anavuta triga kuonyesha haina kitu, anayepokea naye anavuta tena.

Nikisema hivyo inaharibu bunduki wengi wanabisha, eti chuma kitaharibikaje na risasi haimo? Inaharibika, ila sio bunduki zote, na hapo ndo watu wanachanganya. Pini, kile kichuma chembamba kinachochomoza ukivuta triga, ikigonga risasi inakutana na kile kiduara laini cha nyuma, kinabonyea na kupunguza kishindo, sasa chemba, pale inapokaa risasi, ikiwa tupu hakuna cha kuipokea, kishindo chote kinaishia kwenye pini yenyewe. Hizi za mitutu miwili za zamani tunazopewa malindoni chuma kimeshachoka, ncha inakatika. Ya lindo letu ilikatika pini ya mtutu wa kushoto, ukimulika tochi kitundu unakiona ila pini haichomozi, na hakuna aliyejua ni tangu lini maana kila jioni ililia ka vizuri tu! Angekuja jambazi siku hiyo je?

Bunduki nyingi za .22, zile za risasi ndogo, nazo hazitaki, pini yake inagonga ukingo wa risasi, risasi isipokuwepo inaweza kugonga mdomo wa chemba na kuutia kovu, japo ile ya .22 iitwayo Ruger 10/22 watengenezaji wenyewe wanasema haina shida. Magobole ya wazee kule Sengerema, nyundo ikigonga bila fataki kile kichomozo cha kuvishia fataki kinabondeka. Ila bastola ya Glock huwezi hata kuifungua uisafishe bila kuvuta triga kwanza, so hiyo mara moja moja haina neno.

Wenzangu wanaweka ganda la risasi lililotumika ili pini ipate cha kugonga, haisaidii sana jamani, pale nyuma pameshabonyea pini inapita hewani vile vile. Zipo risasi za mazoezi hazina baruti, nyuma zina springi au mpira wa kupokea pini, chukueni zenye rangi kali zisije zikachanganywa na za moto.

Na kuvuta triga sio kukagua silaha. Fungua, tazama mitutu yote miwili, pitisha kidole, mpe mwenzako naye atazame, basi imetosha. Ukisahau moja ndani halafu ukavuta, mama wa dagaa anayepita getini ndo anaipokea.

Kampuni za ulinzi nunueni hizo risasi za mazoezi jozi moja kila lindo, leteni na fundi mwenye leseni akague pini. Na muache kumkata mlinzi mshahara eti kaharibu silaha, wakati huo utaratibu wa kuvuta triga kila zamu mmeuweka nyie wenyewe na mnatusimamia tukiufanya.

Mlinzi,
Nyakato, Mwanza