"Kupanga nyaya za plagi tu, elfu hamsini?"

Kauli hii tumeizoea hapa gereji. Mteja anashika karatasi ya malipo, anapita kwenye koili bila neno, anapita kwenye kofia ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi) na rota inayozunguka ndani yake, kisha anafika mstari wa mwisho: kupanga na kufunga nyaya za plagi, zile zinazopeleka umeme wa cheche kwenye injini, 50,000. Hapo ndipo macho yanapotoka. Juzi mzee mmoja mwenye Range Rover ya zamani alitwambia wazi kwamba tumempiga. Nyaya alileta mwenyewe, mpya, kwenye boksi lake, na kijana wake wa nyumbani angeweza kuzichomeka kwa dakika tano.

Kuzichomeka, kweli angeweza. Lakini hatukumtoza kwa kuchomeka.

Koili ya gari la zamani lenye pointi (kiswichi cha ndani ya distributa kinachokata na kuunga umeme wa koili) inapokea volti 12 kutoka kwenye betri na kutoa kati ya 15,000 na 25,000 hivi. Umeme wa nguvu hiyo haujali kwamba wewe umeutuma kwenye plagi. Unachotaka ni kufika kwenye chuma, na ukipata njia nyepesi zaidi unapita huko. Waya uliolala juu ya ekzosi ukaungua kidogo, waya uliobanwa na klipu hadi ganda likachanika, waya unaogusa bomba la kabureta: zote hizo ni njia. Ukiwasha gari asubuhi nyumbani unaweza usisikie kitu. Lipakie watu na mizigo, anza kupanda Kitonga, ndipo linapoanza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka kwa zamu yake, kwa sababu injini ikibeba mzigo cheche inahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka kwenye plagi, na mahali dhaifu kwenye waya panakuwa rahisi kuliko plagi yenyewe.

Turudi kwa huyo mzee, maana gari lake ni somo zima. Alikuwa analalamikia mafuta. Kila akipanda mlima injini inagonga, akabadilisha vituo vya mafuta, ikaendelea kugonga. Fundi aliyetutangulia akarudisha taimingi nyuma, yaani cheche ikawa inachelewa zaidi. Kugonga kukapungua, gari likapoteza nguvu na kuanza kuchemsha, mzee akanunua rejeta. Tulipofungua boneti tulikuta nyaya nzuri kuliko zote tulizoziona mwaka huu, nane, zimesukwa pamoja kama nywele na kufungwa kwa vifungo vya plastiki kila baada ya inchi tatu. Kupendeza zinapendeza. Na ugonjwa ulikuwa hapohapo.

Ile V8 ya Rover, injini ya silinda nane, ina fayaringi oda (zamu ya silinda kuwaka) ya 1-8-4-3-6-5-7-2. Tazama 5 na 7. Zinafuatana kwenye kuwaka, na pia zimekaa jirani, mwisho kabisa wa injini upande wa kushoto, upande wa abiria kwa gari zetu. Distributa iko mbele, kwa hiyo nyaya hizi mbili zinasafiri njia ndefu pamoja. Umeme mkubwa ukipita kwenye waya mmoja, unaamsha umeme kwenye waya mwingine uliolala sambamba nao, hata kama maganda yote ni mazima. Silinda ya 5 inapopigwa cheche, ya 7 ndiyo kwanza iko katikati ya kukandamiza mchanganyiko wake. Ikipata cheche ya kuibiwa wakati huo, moto unawaka huku pistoni bado inapanda. Huko ndiko kugonga kwenyewe. Ukiendelea kuliendesha hivyo kwa mizigo na milima, kinachofuata ni pistoni kutoboka, na bei ya kufungua V8 sitaiandika hapa.

Tulizitenganisha 5 na 7 kwa kupitisha waya mwingine katikati yao, tukafunga vitana vya plastiki vinavyoweka nafasi kati ya waya na waya, na pale zinapolazimika kukutana tukazivusha kwa kukatiza badala ya kuzilaza pamoja. Taimingi tukairudisha ilipotakiwa. Nyaya zake mpya alizoleta tulizitumia zote. Sasa hivi mzee anasema gari lina nguvu lakini boneti ukifungua haipendezi kama zamani. Sawa.

Njia za mkato tunazokutana nazo ni zilezile. Tepu nyeusi ya umeme inayeyuka kwa joto la injini, inaacha gundi, gundi inashika vumbi. Waya wa kufungia nondo, na huu tumeutoa kwenye gari zaidi ya moja, ni chuma kilichofungwa kwenye waya wa plagi na ncha ya pili imefungwa kwenye injini. Umemchorea umeme ramani. Halafu kuna mpira wa tyubu, ambao kila fundi wa nchi hii ameutumia kufunga kila kitu. Weusi wa mpira ule ni kaboni. Ukilowa oili na kushika vumbi na unyevu, si kizuizi cha kutegemea hata kidogo. Hapa pwani tuna umande wa alfajiri na hewa ya chumvi, achilia mbali masika. Gari linalowaka vizuri Dodoma likaletwa Dar likagoma asubuhi, kwanza tazama nyaya kabla ya kununua koili.

Anayetaka kuona kwa macho yake aje saa moja jioni. Tunazima taa, injini inaunguruma, tunapuliza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia. Waya unaovuja unaonyesha cheche za buluu. Ugonjwa wa mzee wa Range Rover hauonekani kwa njia hii, huo unajulikana kwa kufuata nyaya kwa kidole, na ndiyo maana watu hawauoni.

Kila gari lina ubishi wake. Peugeot 504 inahesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa klachi, si upande wa rejeta. Fundi asiyejua anachomeka kwa kufuata kitabu, namba moja anaipeleka mbele, gari linapiga chafya kwenye kabureta na kukataa kuwaka, kisha pampu ya mafuta inapewa lawama.

Beetle ndiyo inayoniuma zaidi. Injini yake inapozwa kwa upepo wa feni unaosukumwa ndani ya mabati yaliyozunguka silinda. Nyaya za plagi zinapenya kwenye matundu ya mabati hayo, na kila waya una kisahani cha mpira cha kuziba tundu. Dada mmoja alinunua Kariakoo nyaya za gari jingine kwa sababu zilikuwa nusu bei na urefu unatosha. Hazina visahani. Upepo ukawa unatoka kwenye matundu manne, injini ikawa ya moto kila safari ya Bagamoyo, akabadilishiwa oili mara kwa mara na kupewa ushauri wa kila aina. Alipofika kwetu silinda hedi moja ilikuwa imeshapata ufa.

Land Rover 109 ya silinda nne inatupa amani. Plagi na distributa viko upande mmoja, ekzosi upande wa pili, nyaya fupi. Kwa gari hilo hatutozi elfu hamsini, na wenye nayo wanajua.

Kuhusu waya wa shaba dhidi ya waya wa kaboni: ukiwa bado na pointi, shaba inafanya kazi, ila redio italia. Ukishaweka kifaa cha elektroniki badala ya pointi, shaba inakivuruga. Waya wa kaboni nao hautaki kukunjwa kwa kona kali wala kuvutwa. Ukivuta waya badala ya kushika kofia yake ya mpira, uzi wa ndani unakatika na nje huoni kitu. Ndiyo maana tunapima kila mmoja kwa mita kabla ya kuufunga, hata ukiwa umetoka kwenye boksi. Anayesisitiza shaba juu ya elektroniki tunamfungia, lakini tunaandika kwenye kadi ya kazi kwamba amechagua mwenyewe na dhamana haipo.

Ukija, tafadhali usichomoe nyaya nyumbani ili kutupunguzia kazi. Tunataka kuona zilivyokuwa zimepita. Na gari lije asubuhi likiwa limepoa. Ekzosi ya V8 ikishapata moto hakuna mkono unaoingia pale nyuma, na utakaa kwenye benchi letu hadi mchana.