Alarmu ya hoti inalia, musiinyamazishe tu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo mu gazeti yenu juu ya ile picha muliyotoa ya labo moja ya hapa Goma wakipokea mashine mpya, hoti, ile kabati ya usalama ya kufungulia sampuli zenye vijidudu. Hongera kwao, mashine ni nzuri, lakini mutu aliyezoea kazi hii akiangalia ile picha anashituka. Kioo cha mbele kimepandishwa mpaka mwisho, juu ya wavu wa mbele wamepanga makarto ya glavu, na mukubwa mmoja ameingiza kichwa mzima ndani anachekea wapiga picha. Kama ile hoti ilikuwa imewashwa basi ilikuwa inalia, na kama ilikuwa inalia tunajua wote kidole kilienda wapi, kwenye butoni ya kunyamazisha.

Sisemi hivi juu ya kuwachekelea, hii desturi iko mu labo mingi, za dini, za serikali, za watu binafsi. Mashine inapiga kelele, mutu ananyoosha mukono, tii, kimya, kazi inaendelea. Hiyo njo inanifanya niandike.

Kwa wasomaji ambao hawajaingia labo: hoti ni kabati ya chuma, kioo mbele, mota ndani. Mota inavuta hewa ya chumba iingie kwa ule wavu wa mbele, chini ya mikono ya laborantini, kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde. Norme ya Marekani, NSF/ANSI 49, inataka isishuke chini ya mita 0.51 kwa sekunde kwa hoti za daraja la pili aina ya A2, na zile njo nyingi, ile ya Ulaya EN 12469 inaanzia 0.40. Hewa nyingine imeshapita kwenye filta ya HEPA, ile inayokamata chembe ndogo sana na vijidudu, inashuka kutoka juu polepole juu ya sampuli, ili makohozi ya mgonjwa yasichafuke na yeye asipewe majibu ya uongo. Kinachokukinga wewe mfanyakazi ni ile hewa inayoingia mbele, haionekani, na chini ya kioo pako wazi kabisa, sentimita 20 ama 25 kadiri ya kiwanda. Sasa ukipandisha kioo, ule mlango unakuwa mkubwa, mota ni ileile, kwa hiyo kasi inashuka, vijidudu vinaweza kukutokea usoni. Alarmu inalia juu ya hiyo, hailii juu ya kusumbua mutu.

Alarmu ya kioo ni rahisi, rudisha kioo kwenye alama, inanyamaza yenyewe. Ikinyamaza usifikiri umemaliza, acha mashine itembee kidogo kabla ya kuendelea kufungua chupa. Kuna mashine inalia hata kioo kikishuka chini ya alama, hiyo pia fuata alama, usiweke kipande cha karto kama nilivyoona mahali, mutu ameweka karto kwenye kile kidude kinachosoma kioo kiko wapi, ili mashine idhani kila kitu kiko sawa!

Alarmu ya hewa ni jambo lingine na hapa nataka nikae kidogo. Ikilia na kioo kiko mahali pake, maana yake hewa haitoshi ama imevurugwa. Kwanza angalia wavu wa mbele, mara nyingi ni karatasi, kaye ya kuandikia, ama mikono yenyewe imelala pale, ni sawa vile unaziba mutu pua halafu unamuliza mbona hapumui. Wavu wa nyuma pia, watu wanapanga maboksi kule ndani mpaka nyuma, wanageuza hoti kuwa depo. Halafu angalia chumba: nani amefungua mlango, nani amewasha ventilatere, nani anapitapita nyuma yako akitafuta stilo. Nusu mita kwa sekunde ni mwendo mdogo sana, mutu akipita haraka nyuma yako anaivuruga.

Ukiondoa hayo yote na bado inalia, kazi imeisha kwa siku hiyo. Usianze kukimbia. Funika chupa na sahani zote pale pale ndani, mikono usiichomoe kwa nguvu, itoe taratibu, mota kama bado inazunguka iache izunguke, vitu vilivyofungwa pangusa kwa dawa kabla ya kuvitoa, glavu za juu ziachie mule ndani, shusha kioo, nawa, bandika karatasi kubwa HAITUMIKI, na uambie mukubwa. Kama hewa ilikatika ghafla na ulikuwa na sampuli wazi ya kifua kikuu ama ya ugonjwa mkali, wote mutoke, mufunge mlango, chumba kikae kama nusu saa kabla ya mutu kurudi kusafisha na barakoa ya kweli, na majina ya waliokuwa mule yaandikwe. Wengi hawaandiki juu ya kuogopa kufokewa. Wakubwa wa labo, hapo mwenye kosa ni ninyi, mutu akifokewa mara moja kwa kusema ukweli hatasema tena.

Sampuli ikimwagika ndani na hewa iko sawa, usizime mota. Watu wengi wanakimbilia kuzima, ni kinyume. Funika na karatasi za kunyonya, mwaga dawa, ngoja muda wake, pangusa, na kama ulitumia javeli, ile dawa ya klorini, pangusa tena na maji safi maana inakula ile inoksi, chuma cha kabati.

Kuhusu filta. Ya HEPA inakamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, na zile kubwa zaidi ama ndogo zaidi inazikamata vizuri zaidi, lakini inajaa. Na hapa Goma tunajua vumbi yetu, hii nyeusi ya mawe ya volkano, inaingia hata kwenye saa ya mkono. Hoti inavuta hewa ya chumba, kwa hiyo chumba kichafu kinajaza filta mbio. Ikijaa haifuliwi, haipigwi upepo wa kompresa, haipanguswi na brosi, ukiigusa inapasuka na wewe hutaona tundu. Inabadilishwa na teknisiye, na kabla hajafungua, kabati mzima inapigwa gesi ya kuua vijidudu, maana kwenye ile filta njo kumelala kila kitu mulichofanyia kazi miaka yote. Mutu akikuambia anaibadilisha dakika ishirini na turnavisi (bisibisi) tu, mushukuru na mumufungulie mlango atoke.

Kila hoti inapaswa kupimwa na kupewa sertifika siku inapowekwa, kila mwaka, ikitengenezwa, na kila inaposogezwa hata kama ni chumba cha jirani. Tukumbuke volkano ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 na yale matetemeko yaliyofuata, mujini nyumba zilipasuka kuta, sasa ile mipira ya kubana filta nani aliiangalia? Tena hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko kule kiwandani, na kile kidude cha kupima kasi kwa joto kinasoma tofauti hewa ikiwa nyepesi. Kwa hiyo namba iliyopangwa Ulaya haitoshi, lazima mutu apime hapa hapa, na Bukavu ni vilevile. Wafadhili wananunua mashine ya maelfu ya dola wanapiga picha wanaenda, pesa ya kuipima mwaka wa pili haimo mu bajeti ya mutu yeyote. Mukienda kwenye sherehe nyingine waandishi, mulize hilo swali moja tu: mwaka ujao nani analipa?

Na mulize kama kweli ni hoti ya usalama, maana kuna nyingine inafanana nayo sana lakini inapuliza hewa kumuelekea mfanyakazi, ni ya kukinga dawa ama mimea peke yake. Ukiweka makohozi mule unajipulizia mwenyewe usoni.

Mutu atasema mbona unasumbua watu na mambo ya chumba cha ndani. Huu muji ulipata mgonjwa wa kwanza wa Ebola Julai 2019, tukanawa mikono kila kona mpaka ngozi ikachubuka. Mpox, ile aina mpya ya clade Ib, ilianzia Kamituga kule Kivu ya Kusini, na Agosti 2024 OMS, shirika la afya la dunia, ikatangaza hatari kwa dunia nzima. Sampuli za haya magonjwa mutu njo anazifungua, mutu anayerudi jioni na pikipiki nyumbani Katindo ama Majengo, anabeba watoto.

Vitu vidogo ambavyo havina bei: washa hoti dakika tano kabla ya kuanza, mikono ikiingia ngoja kama dakika moja hewa itulie, fanyia kazi sentimita 10 ndani ya wavu, usiwashe moto wa gesi mule, unavuruga hewa na unaweza kuharibu filta. Taa ya bluu ya mule ndani, ile ya UV ya kuua vijidudu, isiwadanganye, inaua tu pale mwanga unapofika na ikiwa na vumbi hata pale haiui, na inachoma macho. Asubuhi ninginiza kipande chembamba cha karatasi laini kwenye ukingo wa chini wa kioo, kiiname kuelekea ndani. Hicho hakichukui nafasi ya teknisiye lakini kisipoinama, usianze.

Nimalizie na umeme maana hapa njo matatizo yetu mengi. Kura (umeme) ikikatika hoti inakuwa sanduku tu, hakuna kinga hata kidogo, na kura ikiwa ndogo mota za zamani zinazunguka kwa uchovu na alarmu inalia bila mutu kujua sababu. Ondulere, ile betri inayoshika mashine umeme ukikatika, ya kutosha dakika kumi inakupa muda wa kufunika na kutoka vizuri, inunuliwe pamoja na mashine, si baadaye. Na kura ikirudi usiendelee pale pale, anza tena na zile dakika tano. Kwa labo ambazo hazina pesa ya ondulere sasa, kuna jambo moja la bure: yule baba wa jenereta, anayeizima saa ile mafuta yanapungua, apewe namba ya simu ya labo, apige kwanza, angoje aambiwe "tumefunika", halafu azime.

Laborantini, Katindo, Goma