Wajukuu zangu wa Gazi, mti si kijiti cha kuchomeka popote

Wajukuu zangu wa Gazi na Makongeni,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Juzi maji yalipopwa nilishuka ufuoni nikakuta miche ya mkoko imelala safu kwa safu mchangani, imekauka. Ni ile iliyopandwa na wageni waliokuja na fulana mpya, wakapiga picha, wakapanda basi wakarudi zao. Nyinyi ndio mliowabebea ndoo za miche. Hamkuwaambia kwamba pale nje, mawimbi yanapopiga, ni mahali pa mti wa mlilana, si pa mkoko.

Nilipouliza, mmoja wenu akanijibu, "Babu, si yote ni mikoko?" Sikulala vizuri usiku huo.

Hapana, mjukuu wangu. Kwa jumla twaiita yote mikoko, lakini mkoko wenyewe ni mti mmoja tu kati yao, na kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele, unapokea bahari kifuani, na mizizi yake huchomoza matopeni kama vigingi. Nyuma yake, penye tope tulivu, ndipo pa mkoko wenye mizizi ya magongo. Kisha muia na mkandaa. Mchu utauona kule juu karibu na nchi kavu, na mara nyingine huku mbele pia. Mkoko hupendwa na wapanzi kwa sababu mbegu yake huota ingali juu ya mti. Ukiichomeka tu, kazi imekwisha. Mbegu za mlilana ni ndogo, zinataka kitalu na subira. Basi watu huchagua wepesi, halafu bahari huwahukumu.

Mimi niliiona ghuba hii ikiwa na upara. Zamani boriti zetu za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, mpaka serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Miaka ya sabini mikoko ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda. Miti ilipoondoka, mchanga ukahama na samaki wakapungua. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walipoanza kupanda upya mwaka 1991, miche mingi ya upande wa bahari ilichukuliwa na maji. Somo hilo limelipiwa tayari. Kwa nini mnalilipia tena?

Na kosa si lenu peke yenu. Siku hizi watu wazima wenye vyeo huhesabu miche iliyopandwa, hawarudi kuhesabu iliyo hai. Mikoko Pamoja, mradi wetu wa kutunza mikoko ulioanza mwaka 2013 kwa hekta 117, hulipwa kwa hewa ya ukaa inayonaswa na miti iliyosimama. Maji ya bomba mnayokinga na madawati ya shule yametoka humo.

Mengine nayasema kwa kifupi. Msiburute wavu wa juya juu ya nyasi za bahari, humo ndimo samaki tafi hulelewa. Msitupe taka Kidogoweni wala Mkurumuji. Mito hiyo yote inaishia kwetu. Jifunzeni habari za Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Wamazrui aliyeishi hapa kabla ya kupigana na Waingereza mwaka 1895.

Nawapenda, ndiyo maana nagomba. Bamvua lijalo, maji yakianza kutoka asubuhi, mtanikuta pale penye mililana. Tutang'oa vijiti vilivyokufa, kisha tutatembea kutoka baharini hadi nchi kavu, na kila mmoja wenu atanitajia mti anaoukanyagia mizizi.

Babu yenu